Pembe za Shamba

Mwaka 2019 nililipia kitambulisho cha mmachinga shilingi 20,000, cherehani yangu ikakaa kwa amani kando ya barabara, hapa Bariadi. Baadaye kibanda changu kikapigwa X nyekundu, alama ya kubomolewa.

“Mayu (mama), hii ni hifadhi ya barabara,” kijana mmoja akaniambia kwa adabu.

Sikubisha, gari la zimamoto nalo lahitaji njia. Lakini usiku nilifungua Walawi 19, Mungu anapomkataza mvunaji kumaliza pembe za shamba: hizo ni za maskini na mgeni. Nikawaza: ramani ya mji ina makazi, biashara, viwanda. Pembe iko wapi? Haki, naona, si kumhurumia anayehamishwa. Ni kumchorea nafasi kabla wino haujakauka.