Kipande Kinachoingia

Baba mdogo alitumikia jeshi akitunza ghala la silaha, na mpaka leo hapendi mtu wa haraka. Kusafisha bastola, anasema, kila mtu anaweza. Kazi iko kwenye kuirudisha. Unatoa magazini kwanza, unachungulia chemba iwe tupu, unafungua, unafuta, unatia mafuta kidogo (mengi yanakamata vumbi). Halafu mtutu, springi, kila kimoja mahali pake. Mwisho unabonyeza traiga ikiwa tupu. Ikilia, wengi wanaridhika.

Yeye haridhiki. "Bastola mbili za aina moja zikisafishwa meza moja, vipande vinachanganyika. Zote zitafungika, zote zitalia. Soma namba, mwanangu. Kuingia siyo ushahidi kuwa ni chake."

Maneno hayo yalinirudia tulipokwenda pamoja Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa. Fuvu limewekwa ndani ya kioo. Mtwa alijipiga risasi Mlambalasi, Julai 1898, Wajerumani wakamkata kichwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles, 1919, kilidai kirudishwe. Kikarudi 19 Juni 1954. Gavana Edward Twining alikuwa amekwenda makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu kibao, mengine ya kutoka Tanganyika. Lililochaguliwa lilikaribiana na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa, tena lina tundu la risasi. Yaani liliingia.

Nikamnong'oneza baba mdogo kwamba nitaandika makala: lipimwe DNA, tujue moja.

"Na ukikuta siye?"

"Si watu watajua ukweli, baba?"

"Sawa. Huyu sasa utampeleka wapi?"

Nilikosa jibu. Miaka yote nimeliwazia fuvu lile kama la Mkwawa au lisilo la Mkwawa, basi. Kumbe kama si lake, ni la mtu: mtu aliyesafirishwa mpaka Ulaya bila mkataba wowote kumtaja, na huenda kuna ukoo uliomngoja ukachoka.

Bado nataka lipimwe, ukoo wa Mkwawa ukiridhia. Ila sababu yangu imebadilika, na sidhani mhariri wangu ataipenda, maana haina kashfa. Nawafikiria pia wale wa rafu za Bremen ambao vipimo vyao havikufanana na vya mtu yeyote aliyekuwa akitafutwa.

Baba mdogo alivua kofia tulipoingia. Alikuja kuivaa tulipofika barabarani.