Vyombo vya Kuazima Hurudishwa

Andiko kuu: 2 Wafalme 4:1-7. Soma pia: Luka 10:5-11, Mithali 11:1.

 

Asubuhi ya leo nataka kuongea na wale wanaobisha milango. Najua mko hapa. Kuna ndugu anayeuza masufuria ya kulipa pole pole. Kuna dada wa mali mali anayebadilisha beseni na nguo kuukuu. Kuna kijana wa taa za sola, kuna mama wa sabuni. Kesho Jumatatu mtabeba mzigo, na ikifika saa nne mtakuwa mmeambiwa "hapana" mara kumi. Hapa kanisani tunawaombea wanafunzi wa mitihani na wafanyikazi wa ofisi, lakini ninyi tunawasahau. Leo ni siku yenu.

Mimi hiyo kazi nimeifanya. Mwaka wa 2020 hoteli niliyokuwa nikifanyia kazi hapa Nakuru ilifungwa kwa sababu ya korona. Nikaanza kuuza sabuni ya maji Kaptembwo na Rhonda, mtungi begani. Ploti ya nyumba 12 inaweza kukupa mteja mmoja, na hata huyo anasema atalipa mwisho wa mwezi. Soja anakufukuza getini. Mtoto anatumwa aseme mama hayuko, na wewe unamsikia mama mwenyewe akimfundisha vile atasema!

Sasa niwaambie dhambi yangu. Mwezi wa pili kodi ilifika na mfukoni hakuna kitu. Wale mnaotengeneza sabuni mnajua: ukiongeza maji inakuwa nyepesi, lakini ukitia chumvi kiasi inashika tena, inaonekana nzito. Nikafanya hivyo. Lita 20 zikawa lita 30. Wiki hiyo niliuza kuliko wiki zote, na wakati huo nilikuwa shemasi. Jumapili nikasimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda kwamba Bwana amefungua milango. Mungu anisamehe.

Wiki iliyofuata nikabisha kwa mama mmoja mtu mzima, mteja wangu wa kwanza kabisa. Hakupiga kelele. Alileta beseni, akamimina ile sabuni yangu, akaniambia, "Shemasi, hebu nionyeshe povu." Nikakoroga. Povu hakuna. Majirani wakatoka kuangalia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baada ya hapo nikaanza kukwepa ile ploti. Halafu ile barabara. Halafu upande wote ule wa Kaptembwo. Nyumbani nilimwambia mke wangu biashara imekufa, watu hawana pesa. Haikuwa kweli. Ile milango niliifunga mimi mwenyewe.

Ndipo nikasoma habari ya yule mjane. Mume amekufa, deni limebaki, mdai anataka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nyumbani hakuna kitu isipokuwa mafuta kidogo. Elisha anamwambia aende kwa majirani wote akaazime vyombo vitupu, na asiombe vichache. Mpendwa, huyu mama alibisha milango! Mwanamke mwenye deni, mtaa mzima unajua habari zake, anaomba vyombo bila kuweza hata kueleza ni vya nini. Na wakampa. Kwa nini? Mimi naamini ni kwa sababu walimjua. Kila chombo alichopewa kilikuwa cha kuazima, na chombo cha kuazima hurudishwa. Angekuja kusimama tena mbele ya mlango ule ule.

Hapo ndipo Roho wa Mungu alinishika. Kuna mambo matatu nataka uende nayo.

La kwanza: usibebe mavumbi ya mlango mmoja hadi mwingine. Yesu alipowatuma wale sabini, aliwaambia mapema kwamba kuna mahali watakataliwa, na wakikataliwa wakung'ute mavumbi waendelee. Hakuwaambia wakae barabarani wakilia, wala wagombane. Mwenye nyumba amekataa sabuni, hajakukataa wewe. Pengine mtoto ni mgonjwa, pengine ametoka kulipa karo. Ukifika mlango wa pili na uso wa hasira ya mlango wa kwanza, huyo wa pili amekukosea nini?

La pili: kazi yako ni vyombo. Mafuta yaliendelea kutoka mradi kulikuwa na chombo, vyombo vilipokwisha yakakoma. Mjane hakuwa na uwezo wa kuzidisha mafuta, lakini alikuwa na uwezo wa kubisha mlango mmoja zaidi. Mimi nilinunua daftari. Nikaacha kuhesabu pesa peke yake, nikahesabu milango: 40 kwa siku, mvua ama jua. Mtu akisema "rudi Ijumaa", niliandika nyumba na siku, na Ijumaa nikarudi kweli. Nikajifunza kupita Jumamosi asubuhi watu wakifua, na mwisho wa mwezi mishahara ikiingia. Maombi hayafanyi kazi ya daftari, ndugu yangu. Omba, na uandike.

La tatu, na ndilo kubwa: uza leo kitu ambacho kesho utaweza kurudi nacho. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Uvumilivu peke yake hautoshi, maana hata tapeli huvumilia. Tapeli lakini kila siku anatafuta mtaa mpya. Mkweli anaweza kupita mlango ule ule miaka kumi.

Basi nilirudi. Nilitengeneza sabuni ya kweli, nikaenda kwa kila nyumba niliyoiuzia ile ya maji. Nikaomba msamaha na kumpa kila mmoja lita moja bure. Ilinigharimu kodi ya mwezi. Wawili walinifukuza. Yule mama alipokea sabuni, akasema, "Sawa," akafunga mlango. Miezi mitatu hakununua kitu. Kila Jumamosi nilibisha, nikamsalimia, nikaenda. Mwezi wa nne akatoa mtungi wa lita tano, akasema, "Jaza."

Sikuahidi kwamba kila mlango utafunguka. Kuna siku utarudi nyumbani na mzigo wote vile ulivyoondoka nao. Lakini lala ukijua hakuna mlango mtaani ambao unaogopa kuupita.

Kuna mtu hapa ana mlango anaoukwepa. Pengine ni wa mteja, pengine ni wa duka lenye deni lako. Wiki hii, kabla hujaomba milango mipya, rudi kwa huo.

Tuombe: Baba, tumepima kwa mizani ya uongo na tukakutolea shukrani juu yake. Tusamehe. Tupe miguu ya kurudi pale tulipokosea, na moyo wa kubisha tena tukikataliwa. Kwa jina la Yesu. Amina.