Gari Halipigi Stata, Usikimbilie Kuuza Injini



Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mtu anataka kuwahi Misa ya kwanza. Anazungusha ufunguo, kimya. Jana usiku gari lilikuwa zima kabisa. Hapo kila mpita njia anageuka fundi: huyu anasema stata imekufa, yule anasema plagi, wa tatu anasema "injini hii imekwisha, uza tu." Na boneti bado haijafunguliwa.

Fundi anayejua kazi haanzi na spana. Anauliza, halafu anasikiliza. Anataka kujua kwanza: injini inazunguka ila haishiki, au haizunguki kabisa? Hayo ni magonjwa mawili. Ikizunguka bila kuwaka, atatafuta kwenye mafuta na moto wa plagi. Isipozunguka, hata ujaze tenki mpaka limwagike hujagusa tatizo. Atakwambia uwashe taa kubwa kisha uzungushe ufunguo huku yeye anatazama. Taa zikififia, betri iko chini au vichwa vyake vimelegea na kushika unga mweupe. Betri nzima ya gari dogo, ikiwa imetulia, husoma kama volti 12.6, ikifika 12 hivi chaji inakaribia kuisha. Mlio wa haraka, ka-ka-ka-ka, mara nyingi ni betri kukosa nguvu. Taa zikibaki kali na ukasikia "tak" moja tu, anahamia kwenye stata na nyaya zake. Na kama gari ni otomatiki, anaangalia gia mapema kabisa, maana isipokuwa kwenye P au N stata haiitiki. Wapo waliomlipa fundi kwa hilo tu!

Sasa tuje kwetu. "Siku hizi siwezi kusali. Imetokea ghafla tu." Vijana wengi wanasema hivyo, na hukumu inafuata hapo hapo: imani yangu imekufa, sina wito, Kanisa halinifai. Wengine wanaondoka kabisa bila mtu yeyote kuwauliza swali hata moja.

Soma 1 Wafalme sura ya 19. Eliya ametoka kushinda pale Karmeli, na sasa yuko jangwani chini ya mti anaomba afe. Mungu hamkemei. Malaika anamgusa, anampa mkate na maji. Eliya analala tena, anaguswa tena, anakula tena. Mazungumzo mazito ya Horebu yanakuja baadaye. Kijana anayelala saa nane usiku na simu mkononi, akaamka saa kumi na moja, asishangae Rozari inamshinda kwenye fumbo la pili. Hiyo ni betri. Lala, ndugu yangu.

Kuna hali nyingine, na hapa naomba tusicheze. Injini ikimeza maji ya mafuriko, haizunguki kwa sababu maji hayabanwi kama hewa. Ukiendelea kulazimisha stata unaweza kupinda vyuma vya ndani. Basi yupo kijana ambaye wiki kadhaa hali vizuri, halali, hana hamu ya kitu chochote, anawaza kufa. Kumwambia huyo "sali zaidi" ni kung'ang'ania stata. Mpeleke hospitali leo, usimwache peke yake, na padre aitwe pia. Daktari si mshindani wa Mungu.

Lakini kama mwili uko sawa na roho bado kavu? Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, anataja sababu kuu tatu za ukavu huo. Huenda tumekuwa wavivu na wazembe katika mambo ya Mungu. Huenda Mungu anatupima: tutafika wapi katika kumtumikia bila ule mshahara wa faraja? Au anataka tujue toka ndani kwamba faraja ni zawadi yake, hatukuitengeneza sisi. Angalia basi, ni sababu moja tu kati ya tatu inayosema umekosea! Sisi tunakimbilia hiyo moja kila siku, tunajipiga vifua bure. Mtakatifu Teresa wa Kolkata aliishi katika giza la ndani miaka mingi sana, na maskini wake hawakukosa kuhudumiwa.

Ikiwa ni ile ya kwanza, dawa yake inajulikana, ni kitubio. Vichwa vya betri vikisuguliwa, betri ile ile iliyoonekana mfu inawasha gari, kwa sababu umeme ulikuwepo muda wote. Inyasi anaongeza onyo ambalo mimi naliona ni la thamani kuliko yote: wakati wa ukavu usibadilishe uamuzi uliokwisha kuufanya ulipokuwa na amani. Hivyo usiache seminari wiki hii, wala usimwandikie mchumba wako barua ya kuvunja uchumba usiku huu. Ngoja kwanza.

Na huku unangoja, ukubali kubustiwa. Gari lililozimika halijichaji lenyewe likiwa limelala. Linaletewa betri ya mwenzake, waya unaungwa, likiwaka linaachwa lingurume alteneta ifanye kazi. Yule mwenye kupooza katika Marko sura ya 2 hakutembea kwenda kwa Yesu. Wanne walimbeba, wakatoboa dari, na Injili inasema Yesu aliiona imani yao wale.

Kwa hiyo siku ya jumuiya nenda, hata kama utakaa kimya mwanzo mpaka mwisho. Zamu yako ya kutoa nia ikifika, waambie tu: "Leo mimi siwezi, nisalieni nyinyi."