Je, Ufalme Hurithiwa kama Shamba?



Hapa Moiben, upande wa Eldoret, tulijiwa darasani na ndugu watatu waliofiwa na baba yao. Mkubwa alishika kwamba shamba lote ni lake, na dada zao wawili hawana fungu, kwani, alisema, hata wafalme wa Unguja walirithiana wanaume kwa wanaume. Neno hilo lilitukaa moyoni. Twaona yafaa tulichungue pamoja nanyi wa pwani, ambao wazee wenu waliishi chini ya bendera ile.

Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirejea Unguja kutoka Maskati. Mali yake iligawanywa kwa sharia, na mabinti wakapata mafungu yao. Bibi Salme, yule aliyekwenda kuishi Ujerumani, alipata shamba. Lakini kiti kilizua fitina. Majid alishika Unguja, Thuwaini akashika Maskati na kuidai Unguja pia. Barghash akaasi mwaka 1859, akashindwa, akapelekwa Bombay. Mwisho shauri likafika kwa Lord Canning, Gavana Mkuu wa Waingereza katika Bara Hindi, naye mwaka 1861 akakata kwamba nchi hizo mbili zitengane, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka, ili mirathi mbili zilingane. Mirathi! Nchi yenye watu wake ikapimwa kama konde la minazi, na wenyewe wakaao humo hawakuulizwa.

Sasa tutazame vyema. Lau ufalme ungekuwa mirathi kweli, Sura ya An-Nisaa ingewapa wajane thumuni yao, na kila binti nusu ya fungu la kaka yake. Nani katika wale wana wa Sayyid alisema hivyo? Hapana hata mmoja. Basi walijua nyoyoni mwao kuwa ufalme si mali ya marehemu, ila waliitumia lugha ya mirathi pale ilipowafaa. Ufalme ni amana. Sayyidna Umar, alipojeruhiwa, aliwaachia watu sita shauri la kumchagua khalifa, na mwanawe Abdullah akamruhusu kutoa rai tu, si kuchaguliwa. Hata hao Mabusaidi asili yao ni Ibadhi, ambao kwao imamu huchaguliwa kwa wema na ilimu. Badala yake, Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipoingia jumba la kifalme bila ya idhini ya Waingereza, manuwari zao zililipiga kwa muda usiotimia saa moja, na watu mia kadha wakafa au kujeruhiwa kwa ugomvi wa nani akalie kiti.

Tulimwambia yule ndugu yetu: wale waliufanya ufalme kuwa shamba, nawe walifanya shamba kuwa ufalme. Baba yako hakuwa sultani, na ekari zake ni mali. Zikishatoka gharama za maziko, madeni na wasia, mama yenu ana thumuni; kinachobaki hufanywa mafungu manane, ninyi wanaume watatu mawili mawili, na dada zenu moja moja. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama dada akiolewa nje ya Moiben fungu lake hurudi. Tukamjibu kuwa halirudi. Akaomba siku saba za kufikiri, na leo ni wiki ya tatu.