Lau Ingelipatikana Dawa ya Kusahau

 

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa yetu ya baada ya Ishaa liliulizwa suala ambalo wengine walilicheka, nasi twaona halifai kuchekwa. Muulizaji alisema: Lau ingelipatikana dawa, mtu aimeze usiku, na asubuhi aamke hakumbuki tena jambo lililokuwa likimuudhi, je, ingelikuwa halali kwetu kuitumia? Wengi walijibu mbio kuwa wao wangeimeza. Mmoja akataja mauti ya mwanawe. Mwengine akataja aibu iliyompata mbele za watu. Na wa tatu alinyamaza, akainamisha kichwa. Sisi twamkhofia zaidi huyu aliyenyamaza, na kwake yeye ndiko yaelekeako maneno haya.

Kwanza, ieleweke ya kwamba suala hili si la ndoto. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, walitangaza jaribio walilolifanya kwa dawa iitwayo propranolol, ambayo madaktari huitumia kwa maradhi ya moyo na shinikizo la damu. Watu walioneshwa picha ya buibui huku wakitiwa mshituko mdogo wa umeme, mpaka miili yao ikazoea kuiogopa picha ile. Siku ya pili walimezeshwa dawa, kisha wakakumbushwa khofu yao. Siku ya tatu miili haikushituka tena. Walakini wenyewe walijua bado ya kuwa picha ile ilikuwa ikija na umeme. Wengine waliorudia majaribio ya namna hii hawakupata natija ile ile kila mara. Lakini tuzingatie kilichoonekana: khofu ilipungua, na ujuzi ukabaki. Hapa ndipo penye mpaka tunaoutafuta.

Kumbukumbu zituudhizo ni za namna mbili: ya msiba uliotupata, na ya dhuluma tuliyoifanya.

Ama msiba, dini haikutuamrisha kuusahau, wala haikutukataza kuulilia. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakaingia weupe. Wanawe walimlaumu kwa kutoacha kumtaja, naye akawajibu ya kuwa huzuni yake humshitakia Mola wake. Na Mtume wetu (S.A.W.) hakumsahau Bibi Khadija baada ya kufa kwake. Alikuwa akichinja mbuzi huwapelekea nyama marafiki wa bibi huyo. Tazameni namna uchungu ulivyogeuka kuwa wema: lau angelimsahau, wale wanawake wangelikosa fungu lao.

Na ikiwa msiba umegeuka kuwa maradhi, mtu halali, au hushituka kulla asikiapo kishindo, kama aliyeokoka katika ajali au mwanamke aliyepigwa muda mrefu, basi huyo ni mgonjwa, na Mtume ametuamrisha kujitibu. Aende kwa daktari, wala asiambiwe kuwa imani yake ni dhaifu. Kupunguza khofu ni tiba.

Ama dhuluma, hukumu yake ni nyengine. Sikilizeni khabari ya Wahshi. Alikuwa mtumwa Makka, akaahidiwa uhuru akimuua Hamza, ami yake Mtume. Katika vita vya Uhud, mwaka 625, alimvizia akamrushia mkuki, Hamza akafa, na Wahshi akapata uhuru wake. Miaka ikapita, Makka ikafunguliwa, Wahshi akaja Madina akasilimu. Mtume akamuuliza kama ndiye aliyemuua Hamza, naye hakukana. Uislamu wake ukakubaliwa, na damu yake ikasalimika. Ila Mtume alimtaka, kama aweza, asimwoneshe uso wake.

Tumeona, ndugu zangu? Mtume alisamehe na hali ya kuwa anakumbuka. Moyo wake ulikuwa ukiuma, naye hakujifanya ya kuwa hauumi. Basi asidhani mtu ya kuwa msamaha ni kusahau. Na Wahshi naye hakuomba asahaulishwe. Mtume alipokwisha kufa, alitoka na jeshi la Sayyidna Abubakar kwenda kumpiga Musailima mwongo, akitaraji kwa hilo kulipia alilomfanyia Hamza. Na katika vita vya Yamama alimrushia mkuki wake, ukampata. Lau angeliimeza dawa ile ya muulizaji wetu, angelikuwa amelala vyema, lakini asingelikuwa na la kulipa.

Wanachuoni wameweka masharti ya toba: kuiacha dhambi, kujuta, kuazimia kutoirudia, na ikiwa ni haki ya mtu, kumrudishia mwenyewe. Atajutaje asiyekumbuka? Na atamrudishia nani? Deni halifutiki kwa mdaiwa kuchoma daftari lake. Daftari la pili liko kwa mwenye kudai, na la tatu liko kwa Mola asiyesahau. Umekula mali ya yatima ukasahau: je, yatima naye amesahau?

Na tusiseme ya kuwa dawa ya kusahau bado haijaingia miji yetu. Imo zamani. Vijana wetu huitafuta katika unga na pombe, na wakizindukana huyakuta yale yale yakiwangojea, pamoja na machozi ya mama zao. Lakini tusiwalaumu vijana peke yao. Wako watu wazima, wenye kanzu safi, wanaosahau kwa njia ya heshima. Mtu amezuia fungu la dada yake katika urithi wa baba yao, kisha akachinja ng'ombe kwa khitima ya baba huyo huyo, akasifiwa kwa ukarimu. Na dada yake yuko jikoni aosha masufuria. Karamu ile ndiyo dawa yake ya kusahau. Huyu na mla unga tofauti yao ni nini, ila yeye husahau kwa mali ya mwengine?

Basi ewe ndugu uliyeinamisha kichwa, lile linalokusumbua usiku usiliombee lifutike. Huenda likawa ni rehema ya Mola wako, akugongea mlango kabla hujafika wakati wa kutofunguliwa. Chukua karatasi uandike jina la uliyemdhulumu na kiasi ulichokichukua. Mwendee umrudishie, na umtake radhi. Akiwa amekufa, warithi wake wapo. Akiwa hajulikani alipo, wala njia ya kumpata haipo, mtolee sadaka kwa niaba yake, na umuombee maghufira. Kisha utalala, na kama utakumbuka, utakumbuka na hali ya kuwa umelipa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu asitujaalie miongoni mwa waliomsahau Yeye, naye akawasahaulisha nafsi zao. Awape subira wenye misiba, awaponye wagonjwa, na atukumbushe haki za watu tungali na pumzi ya kuzirudisha. Amin.