Mashua na Ahadi

Watu wengi hudhani kuwa kidumucho ni kile kisichobadilika. Jiwe hudumu kwa kuwa ni gumu. Basi ahadi na kumbukumbu nazo hudhaniwa kuwa zimechorwa ndani yetu kama maandishi juu ya jiwe. Nakuomba, msomaji kijana, uipime dhana hii pamoja nami, maana ina kosa, na kosa lake lina hasara.

Nenda Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, ukaitazame mashua iliyovua katika Ziwa Victoria miaka mingi. Kila ubao uliooza uling'olewa ukatiwa mwingine; kila ufa ulikalafatiwa. Huenda haukubaki hata ubao mmoja alioupiga fundi wa kwanza. Hata hivyo wavuvi huiita kwa jina lake lile lile. Tuseme mwenyewe aliinunua kwa fedha za jirani, na jirani amekuja kudai. Je, aweza kujibu, "Ndugu yangu, mashua niliyonunua kwa fedha zako haipo tena, hii ni nyingine"? Ufuko mzima ungemcheka.

Wewe nawe u mashua ya namna hiyo. Ubongo wa mtu una seli za neva zipatazo bilioni 86, nazo hupashana habari mahali zinapokaribiana, paitwapo sinapsi. Mara nyingi upande upokeao habari ni kinundu kidogo mno, na umbo lake hushikwa na nyuzi za protini iitwayo aktini, kama mataruma yashikavyo mashua. Straub wa Hungaria aliigundua aktini katika misuli mwaka 1942. Ndiyo isaidiayo mkono wa mvuvi kuvuta wavu. Mwaka 1982 ilionyeshwa kuwa imejaa katika vinundu vya ubongo pia. Njia ya habari inapotiwa nguvu, kama itokeavyo katika kujifunza, nyuzi hizo huongezeka na kinundu hutanuka.

La ajabu ni kuwa nyuzi hizo hazitulii. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2002, katika seli za wanyama, vilionyesha kuwa nyingi kati yake hubomoka na kujengwa upya kwa muda usiofika dakika moja. Umbo hubaki, vijenzi vyake hupita.

Basi asemaye, "Nilipoahidi nilikuwa mtu mwingine," amesema kweli kidogo juu ya nyuzi zake, lakini amejidanganya juu ya nafsi yake. Mtu huwa yule yule kwa kuikarabati mashua yake kila siku, na kwa kulikubali deni lililoinunua. Utauliza: aliyesahau je? Deni halifi kwa kusahauliwa. Ndiyo maana twaandika, na twaweka mashahidi.

Yuko na mwingine asemaye, "Mimi ni mvivu, ndivyo nilivyoumbwa." Huyu naye ajidhania jiwe. Hata uvivu hauwezi kudumu usipotengenezwa kila siku, kwa kulala leo na kuahirisha kesho. Mkono uutengenezao ndio uwezao kuuacha.

Ahadi ni deni, walisema wazee. Uamkapo kesho, uliza ni ubao gani umeoza, ukautie mwingine kabla maji hayajaingia.