Ng'ombe Waliotulia

Oktoba 2022, Jumamosi, nje kidogo ya Isinya. Rafiki yangu ndiye aliyepewa kazi ya kupiga picha za harusi, na mimi nilimbebea rifleta, kile kitambaa cha fedha cha kurudisha mwanga usoni. Kazi yangu ni kuandika, lakini kuandika hulipwa siku mhariri akikumbuka, na kubeba rifleta hulipwa jioni hiyo hiyo kwa M-Pesa, kabla hamjafika Kitengela.

Tuliingia bomani saa moja asubuhi. Tangu Alhamisi rafiki yangu alikuwa anachungulia programu ya hali ya hewa kila nusu saa, kama mtu aliye na mgonjwa hospitalini. Mzee mwenye boma, baba mkubwa wa bibi harusi, alikuwa ameketi juu ya jerikeni tupu. Akatusalimia, tukaitikia, kisha akauliza, "Kijana, hiyo simu yako inasema nini kuhusu mvua?"

"Hakuna, mzee!" Rafiki yangu alijibu kwa furaha kabisa, akamgeuzia simu aone mwenyewe. "Siku kumi zote ni jua tupu."

Mzee akaangalia vile vijua kumi vya manjano vilivyopangwa kwenye kioo. "Sawa," akasema, na hakuuliza kitu kingine.

Nilichelewa kuelewa. Mvua ilikuwa imekosa msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020. Serikali ilikuwa imetangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, mwaka mzima kabla ya harusi hii, na vuli hiyo ya 2022 ilikuwa inaelekea kuwa msimu wa tano mfululizo kuharibika. Kando ya barabara ya Namanga mizoga ilikuwa imezoeleka hivi kwamba abiria kwenye matatu hawakuwa wanageuza shingo tena. Na hapa kijana kutoka tauni anamwambia mfugaji, huku anatabasamu, kwamba siku kumi zijazo ni safi.

Kwa Kimaa, neno Enkai ni Mungu, na hilo hilo ni mvua. Kwa hivyo mchana ule, jamaa wa bwana harusi waliposhikana mikono kando ya hema na kumwomba Bwana azuie mvua hadi keki ikatwe, kwa lugha ya mwenye boma walikuwa wanamwomba Mungu asifike. Sidhani walijua. Mzee alisema amina pamoja nao, kwa heshima ya wageni.

Hebu niwatetee kidogo wapiga picha, kwa sababu hii kazi inawafunga mikono kuliko watu wanavyodhani. Mtu huona kamera ya bei ya pikipiki akafikiri mwenye nayo anaamuru kila kitu. Kumbe anaomba. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua hupanda haraka, na likifika katikati ya mbingu linamwaga mwanga wima: paji la uso linang'aa, macho yanakuwa mashimo mawili meusi. Jioni nayo ni fupi. Kuanzia kama saa kumi na moja na nusu mwanga unalainika, saa kumi na mbili na nusu na kitu umekwisha, na katikati ya hapo emsii bado ameshika maikrofoni, shangazi hajapatikana, na pajero ya bwana harusi imeenda kuleta barafu. Mpiga picha hawezi kulikemea jua. Hata watu hawezi kuwakemea, ni wateja. Lugha yetu inasema tunapiga picha, kama vile kuna nguvu inayotumika, lakini nilichoona kwenye kazi hii ni kungoja na kubembeleza.

Halafu kuna vumbi. Hili ndilo jambo ambalo sikupenda kulijua. Kajiado ikikauka, majani yakiisha na kwato zikilima ardhi tupu, vumbi husimama hewani, na jua la jioni likipita ndani yake unauona mwanga wenyewe, miale kwa miale, mwekundu wa shaba. Ukinyesha wiki mbili, hewa inaoshwa na ule uchawi unapungua. Wamaasai wanamtaja Enkai Narok, Mungu mweusi, wa mawingu mazito na neema, na Enkai Nanyokie, Mungu mwekundu, wa ghadhabu na kiangazi. Sisi watu wa kamera tumekuwa tukimwabudu huyo mwekundu miaka yote, tena tunamlipia mafuta ya gari kumfuata hadi Magadi.

Basi, saa kumi na mbili na dakika kumi tukawatoa maharusi nyuma ya boma. Ng'ombe wa mzee walikuwa wanarudi, kumi na kitu, wakasimama nyuma yao, jua likiwa mgongoni. Anayejua ng'ombe anajua hawatulii hivyo. Gauni jeupe linalopepea, watu wageni, kitambaa kinachomulika kama kioo: hapo ng'ombe wa kawaida angekuwa ameshatimua mbio. Hawa walitulia. Rafiki yangu akachukua picha karibu arobaini bila mkia mmoja kuchezacheza. "Buda, hawa wameshirikiana kuliko binadamu," aliniambia. Tukacheka.

Picha hiyo ndiyo iliyompa kazi zote za Desemba. Maneno ya kuisindikiza mtandaoni niliyaandika mimi. Niliandika kuhusu utulivu wa Kajiado, mahali ambapo hata mifugo inajua kungoja. Nilikuwa najivunia hiyo sentensi.

Walikuwa wametulia kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kwenda popote. Niliambiwa hivyo Januari na binamu ya bibi harusi, tukiwa kwenye foleni ya duka pale Kitengela. Hakunilaumu, alikuwa anasimulia tu. Kati ya wale kwenye picha, wanane walikufa kabla ya Krismasi, wengine wakauzwa kwa bei ambayo mzee hataki kuitaja.

Wanafalsafa wana jina la kitu kinachofanana na hiki. Mwaka 1976 Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika kuhusu bahati katika maadili, na Nagel akaleta mfano wa dereva wa lori aliyepuuza breki zake kidogo. Mtoto akikatiza barabara, dereva huyo atabeba kifo maisha yake yote. Asipokatiza mtoto, ni dereva tu anayerudi nyumbani kula. Uzembe ni ule ule. Nimejaribu kujitetea kwa njia hiyo: mvua ingenyesha Novemba, ng'ombe wangepona, na sentensi yangu ingebaki sentensi nzuri tu. Lakini utetezi huo haunishikilii. Hata wangepona wote, jioni ile kulikuwa na swali wazi kabisa mbele yetu, kwa nini wametulia, na hatukuliuliza kwa sababu jibu lingetuharibia mwanga.

Tangu hapo nimekuwa na wasiwasi na neno ushirikiano. Mpiga picha hulalamika hali ya hewa ikimkatalia, simba akilala nyuma ya kichaka, mama mboga akifunika uso na leso. Hulalamika akikataliwa. Anapopata ruhusa kwa urahisi, anashukuru na kuondoka. Mimi naona wasiwasi ungepaswa kuanzia hapo pa urahisi.

Kuna picha iliyozunguka dunia nzima, iliyopigwa na Ed Ram mnamo Desemba 2021 kwenye hifadhi ya Sabuli, Wajir. Twiga sita wamelala kwenye mchanga, wameonekana kutoka juu, shingo na miguu zikichora kitu kama duara. Walikuwa wamenasa kwenye matope ya bwawa lililokaribia kukauka, wakitafuta maji, na wakahamishwa hadi pale ili mizoga isichafue maji yaliyobaki. Ni picha ya kweli na ilifaa kuonekana. Lakini fikiria ingehitaji nini kuwapata twiga sita hai wamepangika hivyo chini ya macho yako. Haiwezekani. Twiga hai ana shughuli zake. Ulinganifu ule ulitolewa na kifo. Mwaka uliofuata, kati ya Februari na Oktoba 2022, wizara ya utalii ilihesabu tembo 205 waliokufa nchini kwa ukame, pamoja na nyumbu 512 na punda milia zaidi ya 400, na eneo la Amboseli, hapa hapa Kajiado, lilikuwa kati ya yaliyoumia zaidi. Wakati huo mnyama mnyonge alikuwa rahisi sana kumkaribia. Lenzi fupi ilitosha.

Nick Brandt, Mwingereza aliyepiga picha Amboseli kwa miaka mingi, analijua hili, nadhani. Zamani alikuwa anakataa lenzi ndefu, akawa anangoja hadi mnyama mwenyewe akubali akaribiwe. Baadaye, kwenye kazi yake iitwayo The Day May Break, aliyoianza Kenya na Zimbabwe mwaka 2020, aliacha kabisa kungoja hali ya hewa: akaleta mashine za ukungu, ukungu wa maji. Watu walio kwenye picha zile wameharibiwa maisha na ukame au mafuriko. Wanyama ni wale waliookolewa ambao hawawezi kurudishwa porini, wamezoea binadamu, ndiyo maana mgeni anaweza kukaa kando yao bila kuuawa. Kwa hivyo kila aliye ndani ya fremu yupo pale kwa sababu ya alichopoteza. Sijui kama hilo linamsafisha Brandt ama linamshtaki. Ila hakulificha, na aliandika majina, ya watu na ya wanyama, kwenye anwani za picha. Mimi sikuuliza jina la ng'ombe hata mmoja, na Wamaasai huwapa majina.

Kuna watakaoniambia nimezidisha. Hoja yao ni nzuri na inaitwa Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi. Oktoba 1984 aliingia Korem, Ethiopia, akarekodi watu ambao njaa ilikuwa imewatuliza kabisa, watu wasio na nguvu ya kufukuza hata nzi, wachana na kamera. Picha zile zilipotoka BBC dunia ikasimama, na chakula kikaenda. Je, angewauliza kama wako huru kukataa? Angefanya hivyo wangapi wangekufa akingoja jibu? Sina jibu la kumshinda Amin. Ninachoweza kusema ni kwamba alikuwa anaonyesha njaa na akaiita njaa. Sisi tulipiga njaa tukaiita utulivu.

Hiyo tofauti haiko kwenye kamera, iko kwenye maneno, na maneno yalikuwa idara yangu.

Sheria nayo imejaribu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini iwe ya hiari, na Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa zaidi ya shilingi milioni moja kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuwa amekubali. Vizuri. Ila sheria inamlinda zaidi mtu anayejua ofisi iko wapi. Mama aliye kwenye foleni ya chakula cha msaada atakwambia ndiyo kabla hujamaliza swali, na karatasi yako ya idhini itakuwa safi kabisa.

Ndiyo maana siku hizi nawapenda sana wale kina mama wa shanga pale Namanga. Ukitoa simu tu, mkono unainuka: pesa kwanza, au weka simu mfukoni. Watu wa Nairobi hurudi wakilalamika eti Wamaasai wa mpakani wameharibika, wamekuwa wa biashara. Mimi naona ni sehemu chache kwenye barabara ile yote ambapo anayepigwa picha bado ana uwezo wa kukuharibia siku. Ukimpata akakubali, unajua amekubali.

Rafiki yangu hakuifuta picha ile. Tulibishana. Alisema maharusi wameilipia, na kwamba ni picha ya siku yao, si ya ng'ombe, na ana haki kwa kiasi fulani. Nilichofanya mimi ni kuomba abadilishe maneno, akabadilisha: tarehe, mahali, na kwamba ulikuwa mwaka wa ukame. Watu wawili watatu waliandika kwamba tumeleta huzuni kwenye harusi.

Mvua ilirudi Machi 2023. Mwisho wa Aprili tukampelekea mzee picha, tumeichapisha na kuitia fremu, kwa sababu bibi harusi alisema aliiulizia. Udongo mweusi wa Isinya ukinyeshewa haucheki na mtu. Gari lilinasa mara mbili na tukaingia bomani tukiwa na matope hadi magotini. Mzee aliitazama picha kwa muda mrefu. Akaanza kuwataja kwa kidole, mmoja mmoja, kushoto kwenda kulia, yupi alikufa na yupi aliuzwa. Maharusi hakuwataja. Kisha akaiegemeza ukutani, akatuambia, "Njooni muwapige hawa."

Alikuwa na mitamba miwili, amepewa na ndugu zake ili aanze upya. Wingu lilikuwa zito, mwanga wa kijivu, hauna kivuli wala rangi. Rafiki yangu akapiga goti kwenye matope. Mmoja akamgeuzia mgongo. Akazunguka upande wa pili, akageuziwa tena. Yule mwingine akaruka uzio wa miiba na kuondoka zake, na matone yakaanza kudondoka kwenye lenzi. Tulipata picha kumi na saba, karibu zote za mikia.

Rafiki yangu akaomba msamaha. "Mzee, wamekataa."

"Ee, wamekataa," mzee akasema, akicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili, na akamwita mkewe aje asikie.